Capitoline na Sokwe Aliyerudishwa Kwao

"Kwani, Mama Providence, sokwe naye anaolewa?"

Aliyeuliza ni jirani yetu Gaudensia, pale kwenye bomba la maji, na wanawake waliokuwa wakisubiri zamu walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Capitoline, ndiye huyo Mama Providence, hakucheka. Alitua ndoo yake, akafuta mikono kwenye kitenge, akajibu kwa sauti ya kawaida tu.

"Haolewi kwa ng'ombe, mwenzangu. Lakini kwao huondoka."

"Aende wapi?"

"Aende kwa wengine. Kama wewe ulivyotoka Usevya ukaja hapa."

"Ehee! Jamani mmesikia? Mimi leo nimekuwa sokwe!" Gaudensia alijipiga mapaja. Tangu siku ile Capitoline akaitwa Mama Sokwe, na jina hilo limefika hata Mpanda mjini. Watu wasiomjua wanalitaja na kucheka. Kwa kuwa wanaocheka ni wengi na wanaojua habari yenyewe ni wachache, nimeona niieleze tangu mwanzo.

Capitoline alizaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili. Enzi hizo mtu wa makazi alikuwa hatoki bila kibali. Hata kwenda Mpanda kumwona mgonjwa, uombe kibali. Vijana walikua wakitazamana wenyewe kwa wenyewe, na kazi kubwa ya wazee ilikuwa kuuliza koo. Kijana akija kuposa, kabla hajapewa hata kigoda anaulizwa ukoo wa baba, ukoo wa mama, na babu alitoka kilima gani kule Burundi. Bibi yake Capitoline alikuwa mkali sana katika hilo. Waliomposa wa kwanza aliwakataa, kwa sababu alihesabu vizazi kwa vidole na akakuta damu imegusana mahali.

"Damu ikijirudia inachoka," alikuwa akisema yule bibi. Hakusoma hata darasa moja, na wala hakuna mzee wa kabila lolote hapa kwetu asiyejua neno hilo. Wabende wanalijua, Wakonongo wanalijua, Wafipa na Wasukuma wanalijua. Nalisema mapema ili mtu asije akasema kwamba tulikosa elimu.

Mwishowe mchumba akapatikana Katumba, kwenye makazi mengine ya wakimbizi, kijana mmoja mfuga nyuki jina lake Gratien. Wajomba walihangaikia kibali mpaka kikatoka, na bibi harusi akasafirishwa juu ya lori la mahindi pamoja na shangazi zake. Capitoline anapenda kusimulia safari ile. Lori likisimama kijijini, wanawake wanatoka na maji ya kunywa na vigelegele. Mahali pamoja mti ulikuwa umeanguka barabarani, na wanaume wasiomjua wala hawatamwona tena walikuja na mashoka wakaukata ili apite. Hakuna aliyemuuliza baba yake ni nani. Mwali akipita anapishwa, basi.

Baadaye walipata uraia, wakahamia huku kwetu upande wa Ugalla, penye ardhi nzuri na nyuki wengi. Gratien alifariki Providence akiwa bado ananyonya. Mizinga ilipogawanywa, Capitoline aliomba ile ya masanduku iliyokuwa kando ya kijito, kwa sababu ilining'inizwa kwa waya kimo cha kifua, na yeye kupanda miti hakuweza. Hivyo ndivyo msitu wa kijito ulivyokuwa shamba lake. Providence amekua humo, na sasa ameolewa Inyonga.

Lazima nieleze kijito chetu kilivyokaa, maana habari yote iko hapo. Upande mmoja wa kijiji kuna mlima wa Ilumba, upande wa pili kuna mlima wa Kasato. Katikati ni sisi: nyumba, mahindi, tumbaku na mabani ya kukaushia. Kijito kinatoka Ilumba, kinapita katikati ya mashamba, kinakwenda kugusa miguu ya Kasato. Kando zake zote mbili kulikuwa na miti mikubwa iliyoshikana, mikuyu na mibula na mingine ambayo jina lake nalijua kwa Kibende tu. Kiumbe anayetaka kutoka mlima hadi mlima bila kutembea juani kati ya watu, njia yake ilikuwa hiyo. Nyingine hakuna.

Ilumba wanaishi sokwe. Si wengi. Kasato nako wapo, wengi zaidi kidogo. Jioni wa huku wakipiga kelele, wa kule wanaitikia, na sisi tulikuwa tunawasikia kama tunavyosikia kengele ya kanisa, bila kufikiri.

Msimu mmoja wa mvua Capitoline alianza kukutana na sokwe jike penye mizinga yake. Kijana, ndiyo kwanza amekomaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa hauna vidole viwili, bila shaka ulishikwa na mtego wa waya. Alikuja peke yake. Alikaa juu ya mkuyu akila tini huku akitazama upande wa Kasato, na wa kule wakipiga kelele, anasimama. Anashuka hatua kidogo mbele, anaogopa, anarudi kwenye mkuyu. Capitoline akamwita Mwali.

"Nilimwona nikajua," aliniambia. "Nami nilikaa hivyo juu ya lile lori. Unataka kwenda, na unaogopa kufika."

Kama ni yeye tu aliyemwona, huenda leo Mwali angekuwa Kasato na watoto wake. Lakini watu wengine nao walimwona.

Mwenyekiti wa kitongoji chetu ni Arcade, mtu wa watu, mwalimu wa kwaya, naye pia wazazi wake walitoka Burundi. Alipopelekewa habari alikwenda kuangalia, akarudi na huruma usoni.

"Amepotea yule," alisema. "Yuko peke yake, hana mwenzie wala mama yake. Au wamemfukuza."

"Kagombana na mume!" wakasema vijana.

"Mume au mama mkwe, yote mamoja. Tumrudishe kwao."

Hapa ndipo mgeni atatushangaa, lakini kwetu lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mwanamke akikutwa njiani peke yake, hana mzigo wala msindikizaji, wazee hawampiti. Wanamuuliza kwao ni wapi, wanamfikisha. Wengi wa hapa wazazi wao walivuka mpaka wakiwa watoto, wamepotezana na mama zao, wakafikishwa na watu wema. Kumrudisha mtu kwao ni sadaka. Basi kwa moyo uleule walichukua madebe na ngoma, wakapanga mstari, wakamsukuma Mwali taratibu, wakifuata kijito kwenda juu, mpaka Ilumba. Hawakumpiga hata jiwe. Wanawake walipiga vigelegele. Mmoja alimtupia ndizi za njiani.

"Tumemfikisha!" walirudi wakiimba.

Akashuka tena, wakamfikisha tena. Kila aliposhuka. Capitoline aliwaambia, "Yule hajapotea, anakwenda zake." Wakamwambia huruma yake ni ndogo.

Mvua zilipoisha akaja Nashon, kijana anayefanya kazi na watafiti wa wanyama, anayeokota mavi ya sokwe msituni na kuyapeleka kupimwa. Vijana walimtania sana kwa kazi hiyo, naye hakuwa na kinyongo. Aliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, akaeleza vizuri, kwa Kiswahili cha watu.

Alisema, kwa sokwe, dume hubaki mlima alikozaliwa mpaka kufa, pamoja na kaka zake na wajomba zake. Jike ndiye anayeondoka. Akishapevuka, anatoka peke yake kwenda kundi la wengine, hafukuzwi wala hasindikizwi. Kule atapigwa mwanzoni na majike wenyeji, atavumilia, atazaa huko. Ndivyo damu mpya inavyoingia mlimani. Wakiwa wengi na msitu ni mmoja, mambo yanakwenda yenyewe. Lakini hawa wa Ilumba ni wachache. Binti zao wakikosa kutoka na binti za wengine wakikosa kuingia, baada ya muda mlima mzima unakuwa ndugu. Ubovu uliojificha kwenye damu ya huyu unakutana na ubovu uleule kwenye damu ya yule. Watoto wanazaliwa dhaifu, mimba zinaharibika, na ukija ugonjwa mmoja unawakuta wote wana udhaifu ule ule.

Mzee Manyanda aliinua mkono. "Kijana, nielewe vizuri. Yule tuliyemrudisha kwa ngoma. Tumemrudisha kwa kaka zake?"

"Ndiyo, mzee."

"Akazae nao?"

"Kama hana njia nyingine, mzee, inaweza kutokea."

Manyanda alitema mate pembeni, akakaa. Watu waliinamisha vichwa. Hata Arcade mwenyewe aliinamisha, nilimwona.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Kosa la kutojua Mungu analisamehe, na mimi ni nani nisilisamehe. Kinachonikera, kinachonifanya niandike nikiwa nimeshika rozari kwa mkono mwingine ili nisiseme maneno mabaya, ni yale yaliyofanyika baada ya kujua.

Kiangazi kilekile tumbaku ilipata wanunuzi wazuri. Kila mtu akataka bani, na bani linataka kuni. Kila mtu akataka kitalu cha miche, na kitalu kinataka maji karibu. Macho yakaenda kijitoni. Sheria ya kutolima kando ya mto kila mtu anaijua, imebandikwa hata mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Lakini Arcade akasimama mkutanoni akasema ukanda wa kijito ugawiwe vijana wasio na ardhi.

Capitoline akasimama. "Mwenyekiti, na ile habari ya Nashon?"

"Habari ya Nashon tuliisikia, mama."

"Mliisikia mkainamisha vichwa. Leo mmeviinua?"

Watu waliguna. Nkwabi, kijana mmoja mwenye nguvu anayelima tumbaku kuliko wote, akasema kwa sauti, "Mama asitudanganye, anatetea asali yake. Si mizinga yake iko huko?"

"Mizinga nitaihamisha kesho," alisema Capitoline. "Yote. Nyie acheni njia tu."

"Njia ya nani?"

"Ya Mwali."

"Basi Mwali aje apige kura!"

Kicheko kilichotoka hapo nilikisikia vibaya, maana waliocheka ni watu ninaosali nao. Ni watu ambao wao au wazazi wao walikaa miaka wakipanga foleni kuomba ruhusa ya kutoka nje ya makazi. Waliolia barua zao ziliporudishwa. Wanaojua kabisa maana ya kukaa mahali ambapo huwezi kutoka na mgeni hawezi kuingia, na msichana anatazamwa na binamu zake tu. Kama kuna watu duniani waliotakiwa kumwelewa yule mnyama bila kufundishwa, ni sisi wa hapa. Ndio tuliocheka.

Capitoline ahadi yake aliitimiza. Alisema atahamisha mizinga, na akaihamisha, akaipeleka sehemu kavu nyuma ya nyumba yake. Nyuki wengi walihama wasirudi. Mwaka ule hakurina hata ndoo ya kupeleka Inyonga. Hata hivyo wakakata. Walianzia katikati, kwa Nkwabi na kwa Arcade mwenyewe, mikuyu ikaanguka ndani ya maji. Juu kulibaki miti, chini kulibaki miti, na katikati pakawa peupe.

Mwali alibaki Ilumba. Baada ya muda Nashon alimwona ana mtoto.

Mtoto wa sokwe kazi yake ya kwanza ni kushika. Anashika manyoya ya tumbo la mama, na mama anatembea kwa mikono na miguu bila wasiwasi. Huyu alikuwa hashiki. Alikuwa anateleza, mama anamdaka kwa ule mkono wenye vidole pungufu, anatembea kwa viungo vitatu, anabaki nyuma ya wenzake. Nashon alimfuatilia kwa mbali na kila alipopita kijijini Capitoline alimuuliza, "Ameshika?" Nashon anatikisa kichwa. Kisha siku moja akamwambia amekufa, na kwamba Mwali bado anambeba, amekauka kama kipande cha ngozi, na hataki kumwacha.

Majibu ya vipimo vya mavi yalikuja baadaye sana. Nashon alisimamisha pikipiki yake mbele ya nyumba ya Capitoline, nami nilikuwepo tunapukuchua mahindi.

"Baba wa yule mtoto amejulikana," alisema. "Ni kaka yake Mwali. Mama mmoja."

Capitoline aliweka gunzi chini. "Ndiyo kilichomuua?"

"Mama, siwezi kusema hivyo kwa hakika. Mtoto yeyote wa sokwe anaweza kufa. Ninachoweza kusema kwa hakika ni baba yake ni nani. Kwa kawaida ndugu wa tumbo moja huepukana. Ila wakiwa wachache hivi, na jike hana pa kwenda..."

Ni kijana mwenye adabu, alikuwa anaona haya kutusimulia sisi mama zake habari hiyo.

Jumapili baada ya sala ya jumuiya Capitoline aliwaeleza wanawake wenzetu. Wengine walifunika midomo. Gaudensia alishusha pumzi akasema, "Basi. Mambo ya Mungu hayo."

Sijawahi kumwona Capitoline akikasirika kabla ya siku ile. Ni mtu ambaye hata mwizi wa mizinga alimpa asali kidogo na kumwambia aende. Lakini alisimama.

"Usimsingizie Mungu, Gaudensia. Mungu aliweka njia. Aliweka na moyo wa kuifuata ndani ya yule mnyama, hakufundishwa na bibi wala na padri. Sisi tumempigia ngoma mara ya kwanza, mara ya pili tukafyeka. Yaite mambo yetu."

Nataka nimtendee haki Gaudensia: tangu siku hiyo hajamwita tena Mama Sokwe.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, Mwali alishuka tena. Hata Nashon alisema hakutarajia, maana wengi huondoka kabla ya kuzaa. Labda kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kunyonyesha. Alishuka akifuata miti ya juu mpaka ilipoishia, kwenye ukingo wa shamba la Nkwabi, akakaa. Ng'ambo ya shamba miti ilikuwa inaonekana, na nyuma yake Kasato. Katikati ni tumbaku changa na visiki.

Capitoline aliniita tukasimama mbali, upande ambao upepo haukumpelekea harufu yetu. Ilikuwa asubuhi. Mwali alikaa muda mrefu. Kisha akatoka. Alitembea wazi kabisa, polepole, akipita kati ya matuta kama mtu anayeogopa kukanyaga mboga za watu. Nilijikuta nasali.

Ndipo debe likapigwa. Nkwabi alikuwa amekuja kuangalia miche yake.

"Hoo! Hoo! Rudi kwenu!"

Mwali alisimama kwa miguu miwili, akatazama mbele, akatazama nyuma. Akageuka, akakimbia kule alikotoka, akaparamia mti.

Capitoline alikwisha kufika kwa Nkwabi. Sijui alivukaje yale matuta. Alimnyang'anya debe.

"Shikamoo, mama," alisema Nkwabi, amepigwa na butwaa. "Lakini hilo debe ni langu."

"Marahaba. Alikula nini chako?"

"Hajala."

"Amekanyaga mche upi? Nionyeshe nikulipe."

Nkwabi alitazama matuta yake. "Hajakanyaga, mama. Lakini ni mnyama. Akizoea..."

"Azoee nini? Alikuwa anapita! Mara moja tu maishani anapita, Nkwabi! Mke wako alipita barabara ngapi kuja kwako, nani alimpigia debe?"

Arcade alifika akihema, kaitwa na kelele. Alimtazama Capitoline, akatazama mti aliokaa Mwali, akatazama visiki, ambavyo vingi ni vyake. Nilingoja aseme neno. Alisema, "Tulieni, jamani. Hili tutalizungumza mkutanoni, baada ya mavuno."

Baada ya mavuno! Kana kwamba yule juu ya mti anajua kalenda. Kabla hatujamaliza kubishana alikuwa ameshashuka na kupotea upande wa Ilumba.

Mkutano umepangwa, na hili limewekwa kwenye ajenda, mwisho kabisa, baada ya mengineyo. Capitoline anasema akisimama yeye watu wanaanza kucheka kabla hajamaliza sentensi, kwa hiyo amenitaka niyaandike maneno yake ili wasome kila mmoja akiwa peke yake nyumbani. Nilimuuliza kama anataka Arcade aombe radhi, au Nkwabi aondolewe shambani. Akasema hapana, hayo hayana haja. Hivi ndivyo alivyosema:

"Naomba visiki vya kando ya kijito msivichome moto kiangazi hiki, maana vimeshachipua. Na Mwali akishuka tena, naomba msipige madebe. Kaeni ndani mpaka apite."